Seva ya kurekodi TV inakwama? Mtafute mchawi kabla hujatoa hela

Jumapili moja baba mkwe alikuja kwangu Pasiansi, hapa Mwanza, kutazama mechi niliyomrekodia. Siku ya mechi yenyewe alikuwa Ukerewe msibani, hakuiona. Kaketi, chai imemiminwa, dakika ya 70 mshambuliaji anaingia kwenye boksi na mpira, picha ikaganda. Ilipozinduka, wachezaji walikuwa wameshakumbatiana kwenye kibendera cha kona. Mzee akanigeukia taratibu: "Sasa mwanangu, hilo bao kafunga nani?"

Kesho yake nilikuwa mjini, Barabara ya Kenyatta, duka hadi duka, naulizia bei ya kompyuta mpya. Mfuko haukutosha, na nashukuru haukutosha. Wiki tatu baadaye niligundua kompyuta haikuwa na kosa lolote. Kilichochoka kilikuwa adapta ya umeme ya diski ya nje, kitu ambacho bei yake haifiki hata ya sangara mmoja mkubwa wa mwaloni.

Tangu hapo nimetengeneza seva kadhaa, yaani kompyuta za nyumbani za kurekodia TV, za ndugu na majirani, na karibu kila mara mwenyewe anaanza kwa kusema "kompyuta yangu imekuwa dhaifu". Mara nyingi si kompyuta. Ninayoandika hapa ndiyo njia ninayoifuata, kwa mpangilio ninaoufuata. Mimi natumia programu ya kurekodi iitwayo Tvheadend kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba iliyowahi kuwa ya ofisi, na ndani yake kuna Debian, aina mojawapo ya Linux. Ukiwa na MythTV, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, au Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bodi moja, badala ya kompyuta kubwa, mengi yanafanana. Pale yanapotofautiana nitasema. Ninazungumzia pia chaneli zisizofungwa tu, zile zinazopatikana bila kadi. Za kulipia zina mambo yake, na siyagusi.

Picha inapita wapi

Antena au dishi, waya, tyuna (kifaa kinachopokea chaneli na kuziingiza kwenye kompyuta), programu ya kurekodi, diski, ruta, halafu kifaa cha kutazamia. Vituo saba. Mchawi anakaa kwenye kimoja, mara chache viwili. Anayebadilisha vitu kwa kubahatisha atabadilisha sita vizima kabla ya kufika kwenye kibovu, ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuigawa njia hii katikati.

Katikati ni faili lenyewe. Fungua rekodi iliyokwama, rudisha nyuma nusu dakika, itazame tena. Kisha itazame mara ya tatu kwenye kifaa kingine, hata simu. Picha ikivunjika sekunde ileile mara zote tatu, uharibifu umo ndani ya faili: ulitokea wakati wa kurekodi, na ruta yako wala TV yako hazihusiki. Ikiwa safari ya pili imepita vizuri, au imekwama mahali pengine, faili ni zima na tatizo liko upande wa kutazama.

Jaribio hili ni la dakika mbili na sijaona mtu analifanya bila kuambiwa. Mjomba mmoja wa Igoma alishanunua ruta ya pili, rekodi zake zikaendelea kuganda palepale. Zingeachaje, wakati zilishaharibikia kwenye diski hata kabla ruta haijaziona?

Ukimaliza hapo, chukua daftari. Andika kila picha inapovunjika: siku, saa, chaneli, hali ya hewa, chaneli ngapi zilikuwa zinarekodiwa kwa pamoja, na nani alikuwa anatazama nini. Wiki moja inatosha. Daftari langu lilionyesha kitu ambacho akili yangu isingekiona: kila kosa lilitokea kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati mtaa mzima umewasha majiko, pasi na mafriji. Hilo si jambo la kompyuta, ni jambo la umeme.

Hesabu ndogo kwanza

Chaneli ya kawaida ya dijitali inakula megabiti 2 hadi 5 kwa sekunde. Ya picha kali, 8 hivi au zaidi. Chukua 4: kwa saa moja unapata gigabaiti 1.8. Chukua 8: gigabaiti 3.6.

Sasa rekodi chaneli nne za picha kali kwa mpigo. Ni megabiti 32 kwa sekunde, yaani megabaiti 4. Diski ya kawaida inayozunguka, hata ya zamani, inaandika megabaiti 80 na kuendelea kwa sekunde. Prosesa nayo haina kazi kubwa hapa, kwa sababu kurekodi televisheni ya dijitali ni kunakili tu kile kilichokuja hewani. Picha ilishabanwa kule kituoni. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi inaweza kurekodi chaneli nne huku inasinzia. Mtu akikwambia mashine yako haina nguvu ya kurekodi, muulize nguvu hiyo inakwenda wapi. Kama kweli inaisha, kuna kitu kingine kinachoila, na tutakifikia.

Faili limeharibika: anza na hewani

Kwenye Tvheadend fungua kivinjari, andika anwani ya seva na mlango 9981, ingia Status halafu Stream, wakati rekodi inaendelea. Utaona nguvu ya mawimbi, usafi wake unaoandikwa SNR, vipande visivyorekebishika vinavyoandikwa Uncorrected Blocks, na makosa ya mfululizo yanayoandikwa Continuity Errors.

Hayo ya mwisho yanahitaji maelezo kidogo. Televisheni ya dijitali inasafiri kwa vipakiti vya baiti 188, na kila kipakiti cha mkondo mmoja kina namba inayozunguka kutoka 0 hadi 15. Programu ikipokea 6 kisha 9, inajua viwili vimepotea njiani, na inaandika kosa. Haijui vimepotelea wapi. Kazi hiyo ni yako, na unaifanya kwa kulinganisha safu mbili.

Vipande visivyorekebishika vikipanda pamoja na makosa ya mfululizo, tatizo ni la mawimbi: antena, waya, viunganishi. Makosa ya mfululizo yakipanda peke yake huku SNR ni nzuri na vipande visivyorekebishika viko sifuri, basi mawimbi yalifika salama hadi kwenye tyuna na vipakiti vimepotea baada ya hapo, kwenye USB, umeme au mashine. Tofauti hiyo ndogo imeniokolea safari nyingi za juu ya paa.

Kwa Mwanza, mawimbi yana vituko vyake. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2013 hatuoni tena vivuli vya picha mbili, kwa hiyo watu wanadhani milima na mawe havisumbui tena. Vinasumbua. Nyumba iliyo nyuma ya jabali Mabatini au Igogo inaweza kupata mawimbi yaliyogonga kilima cha pili kabla ya kufika. Dijitali inavumilia mwangwi kwa kiasi, kisha inakata ghafla bila kuonya. Antena ikisogezwa mita moja kushoto, au ikipandishwa juu ya usawa wa jiwe, SNR inaweza kubadilika kabisa. Sogeza taratibu, subiri sekunde kumi, soma namba, andika. Fundi anayezungusha antena huku anauliza "sasa je?" kwa kelele anapoteza muda wake na wako.

Vikuza mawimbi viogope. Mtu anaona picha inakatika, ananunua kikuza chenye nguvu, nguvu inasoma asilimia 100 na picha inazidi kuvunjika. Nguvu kubwa yenye SNR ndogo maana yake tyuna inapigiwa kelele. Kama kuna mnara wa simu karibu na kwako, kikuza kinaukuza na wenyewe. Kitoe, jaribu bila hicho kwanza.

Viunganishi vya waya ndivyo ninavyovikuta vibovu zaidi. Unyevu wa ziwa unaingia, shaba inageuka kijani. Kata sentimita tano, vaa kiunganishi kipya, funga kwa mpira wa kujivuta. Kwa wenye dishi, kumbuka tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu inakuwa karibu na utosini. Dishi lake linalala chali kuliko madishi mnayoyaona kwenye picha za Ulaya, linakusanya vumbi, majani na maji. Lifute. Na mvua kubwa ya masika ikipita mbele ya dishi, mawimbi yanadhoofika; usirekebishe kitu wakati inanyesha, subiri ikate kisha upime. Radi za usiku za ziwani ni suala jingine: chomoa waya wa dishi, rekodi itakayokosekana ni nafuu kuliko tyuna.

Umeme

Hapa ndipo mchawi wangu alipokuwa. Adapta ya diski imeandikwa volti 12, nikaipima kwa mita wakati diski inafanya kazi jioni, nikakuta 10.8. Mchana ilisoma 11.9. Adapta iliyochoka ikikutana na umeme hafifu wa jioni, diski inapungukiwa, inajizima kwa sekunde moja na kujiwasha tena. Kompyuta yenyewe haina habari, kwa sababu ina adapta yake nzima.

Ushahidi wa jambo hilo unabaki kwenye kumbukumbu za mfumo. Fungua dirisha la amri (terminal) la seva, hapo ndipo amri zote za makala hii zinapoandikwa. Andika:

`sudo dmesg -T | grep -i usb`

Ukiona mistari yenye neno "reset" au "disconnect" kwenye saa zilezile ulizoandika kwenye daftari, umemkamata. Badilisha adapta, kisha waya mfupi na mnene zaidi wa USB, kisha tundu. Kwa mpangilio huo, kimoja kimoja.

Kwenye Raspberry Pi umeme ndio mshukiwa wa kwanza daima. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, hakuna neno. Likiwa 0x50005, umeme ni mdogo sasa hivi na mashine imejipunguza kasi. Chaja ya simu haifai kuendesha Pi, hata ikiwa imeandikwa ampea nyingi. Tumia ya kwake. Diski inayozunguka usiichomeke moja kwa moja kwenye Pi, iweke kwenye habu, yaani kigawa matundu ya USB, yenye umeme wake. Matundu yote ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 kwa jumla, na diski ndogo peke yake inapoanza kuzunguka inaweza kutaka ampea karibu 1.

UPS ndogo, lile kasha la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, inasaidia kuliko RAM ya ziada. Umeme ukikatika ghafla katikati ya rekodi, faili linabaki na tundu, na mfumo wa mafaili unaweza kuharibika kidogo kila mara hadi siku moja kila kitu kinakuwa polepole. UPS yako ina betri ya risasi, kwa kawaida volti 12 ampea-saa 7, na betri hiyo inazeeka hata usipoitumia. Ijaribu kwa kuchomoa plagi siku ambayo hakuna rekodi. Nimeona UPS ya miaka mitano ikizima kabla sijanyanyua mkono kutoka kwenye plagi.

Umeme ukirudi, angalia na saa. Raspberry Pi ya 4 kurudi nyuma haina betri ya saa. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa ya zamani, na rekodi ya taarifa ya habari inaanza habari zikiwa zimekwisha. `timedatectl` itakuonyesha saa na ukanda. Inatakiwa isome Africa/Dar_es_Salaam.

Diski

Anza na nafasi: `df -h`. Diski iliyojaa kupita asilimia 95 inatawanya mafaili vipande vipande, na kichwa chake kinakimbia huku na huku kuvikusanya. Weka mpaka kwenye programu yako ili rekodi za zamani zifutwe kabla ya kufika hapo. Halafu kuna siri ya ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux: kwa kawaida inatenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya terabaiti 2 hizo ni gigabaiti 100 zinazokaa bure. Kama diski ni ya rekodi tu, `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1` inakurudishia sehemu kubwa yake. Hakikisha jina la diski kabla ya kubonyeza.

Kisha ipime ikiwa kazini. Sakinisha `sysstat`, anzisha rekodi mbili tatu, andika `iostat -x 2` na uangalie safu mbili: `w_await`, muda wa kusubiri kuandika kwa milisekunde, na `%util`. Diski yenye afya ikiandika megabaiti 4 kwa sekunde inaonyesha util ndogo na kusubiri kwa makumi ya milisekunde. Ukiona util iko 100 na kusubiri kumefika mia tano au elfu huku inaandika megabaiti 4 tu, umefika. Sasa ni kujua kwa nini, na sababu ni kama nne hivi.

Ya kwanza, imechomekwa pabaya. `lsusb -t` itaonyesha 480M au 5000M mbele ya kila kifaa. 480M ni USB 2, ambayo kwa kweli inakupa megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Zinatosha kurekodi, ila kama tyuna mbili na diski vyote viko kwenye habu moja ya USB 2, vinasukumana mlangoni. Tenganisha: tyuna upande mmoja, diski kwenye tundu la USB 3. Kwenye Raspberry Pi 3 huna pa kukimbilia, kwa sababu hata waya wa mtandao unapita kwenye njia hiyohiyo moja ya USB.

Ya pili, inakufa. `sudo smartctl -a /dev/sdb`, na kama kasha la USB linakataa kujibu ongeza `-d sat`. Tazama mistari yenye namba 5, 197 na 198. Hiyo ni sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri, na zisizosomeka. 197 ikiwa juu ya sifuri na inapanda wiki hadi wiki, nakili unachokipenda leo. Diski ya aina hiyo ikigonga sehemu mbovu inajaribu tena na tena kwa sekunde kadhaa, na programu ya kurekodi inakosa pa kumwaga data. Namba 199 ikipanda, usiilaumu diski: hiyo ni waya wa data.

Ya tatu ni aina ya diski. Kuna diski za bei nafuu zenye nafasi kubwa ambazo njia zake za kuandikia zimelaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae kimoja lazima uinue na majirani zake. Zinaandika upesi mwanzoni, kisha baada ya saa mbili za rekodi nne, huku unafuta nyingine, zinazama. Kwa kuhifadhi picha za harusi ni nzuri. Kwa seva ya kurekodi, omba isiyo ya namna hiyo kabla hujalipa.

Ya nne, imeachwa na mfumo wa mafaili wa NTFS iliyokuja nao dukani. Linux inaweza kuusoma, ila mara nyingi kupitia dereva inayokula prosesa, na kwenye Pi utaiona juu kabisa ya orodha ya `top`. Hamisha rekodi, iandae upya kwa ext4 au XFS. Kwenye ext3 ya zamani, kufuta faili kubwa kunaweza kuigandisha diski kwa sekunde nyingi. MythTV ina chaguo la kufuta polepole kwa sababu hiyohiyo.

Mambo mawili madogo kabla hatujaiacha diski. Usirekodi kwenye kadi ya kumbukumbu yenye mfumo. Na kama kuna sekunde saba za ukimya kila unapofungua rekodi ya kwanza ya siku, diski ilikuwa imelala na inaamka. Si ugonjwa.

Nani mwingine anakula?

Umeme mzuri, mawimbi mazuri, diski nzima, na bado. Fungua `top`. Juu kuna herufi `wa`: ikiwa kubwa, mashine inasubiri diski, rudi sehemu iliyopita. Ikiwa ndogo na prosesa imejaa, soma jina la programu ya kwanza kwenye orodha.

Kwenye MythTV mara nyingi ni `mythcommflag`, kazi ya kutafuta matangazo ya biashara ndani ya rekodi. Inasoma faili zima na kulifungua picha kwa picha. Izuie isifanye kazi wakati wa rekodi, au ipangie usiku wa manane. Kubadilisha umbo la video ili ipungue ukubwa ni hivyohivyo. Kwenye Tvheadend wa kuangaliwa ni ukusanyaji wa ratiba za vipindi: unashika tyuna na kuzunguka masafa yote. Uweke muda ambao nyumba imelala.

Hapo kwenye kupanga muda nilijikwaa vibaya. Nilitaka nakala rudufu ifanyike saa nane usiku, nikaandika 8 kwenye ratiba, na kompyuta, ambayo haijui saa ya Kiswahili, ikaifanya saa mbili asubuhi, Jumamosi, katikati ya katuni za watoto. Walinilaumu mimi na walikuwa sahihi. Saa nane usiku kwa kompyuta ni 2. Mshikaji mmoja wa Nyegezi alifanya kinyume chake: mama yake kamwambia taarifa ya habari ya saa mbili, naye kaweka 02:00 badala ya 20:00. Amerekodi giza wiki nzima.

MythTV inategemea kanzidata ya MariaDB. Menyu ikichukua sekunde nyingi kufunguka huku rekodi zenyewe ni safi, endesha `optimize_mythdb.pl` inayokuja na programu hiyo, na hakikisha kanzidata haikai kwenye diski ileile ya rekodi. RAM ya gigabaiti 2 inatosha kwa Tvheadend. `free -h` ikionyesha swap, yaani diski inayotumika badala ya RAM, inatumika sana, tafuta programu uliyoisahau imewaka.

Joto: Raspberry Pi inaanza kujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 80, na `vcgencmd measure_temp` inakupa namba. Kwa kompyuta kubwa, fungua kifuniko. Sisi tunaokaa karibu na maji tuna wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama wingu la moshi na kufuata mwanga. Vitaa vya seva ni mwanga. Nimetoa kwenye feni moja ya Kirumba mkate mzima wa wadudu na vumbi, na nyuzi joto zikashuka kwa 20. Brashi laini, mashine ikiwa imezimwa, kila baada ya miezi mitatu. Tyuna za USB nazo huchemka: ziache hewani, usizifukie nyuma ya TV.

Faili ni zima, kutazama ndiko kubovu

Hapa ni haraka. Chomeka TV au kifaa chako kwenye ruta kwa waya, hata kwa kuutandaza sakafuni jioni moja. Tatizo likiisha, ni Wi-Fi. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 nyumba za kupangana zinasikilizana zote. Tumia njia 1, 6 au 11 yenye majirani wachache, au hamia gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja na ruta. Kuta za tofali na nondo zinaua gigahezi 5 upesi. Waya unabaki kuwa mfalme.

Waya nao unaweza kudanganya. `ethtool eth0` inatakiwa iseme 1000Mb/s au 100Mb/s. Hata 100 inatosha chaneli kadhaa. Ikisema 10, kichwa cha waya kimebanwa vibaya. Kupima njia nzima tumia `iperf3 -s` kwenye seva na `iperf3 -c` ikifuatiwa na anwani ya seva kwenye kompyuta nyingine. Ukipata megabiti 30 zilizotulia, mtandao hauna kesi.

Mtandao ukiwa safi, mshukiwa ni kifaa cha kutazamia. Mwendo wa mpira unaoonekana kama kitana, mistari mistari pembeni mwa mchezaji, ni picha iliyotumwa kwa nusu-fremu na kifaa hakikuziunganisha. Kwenye Kodi, programu ya kutazamia, washa chaguo la kuziunganisha (deinterlace). Picha inayoruka huku kifaa kimechemka ni kifaa kinachofungua video kwa prosesa badala ya chipu yake ya video. Na sekunde mbili tatu za kusubiri unapobadili chaneli ni kawaida: tyuna inahama masafa na kusubiri picha kamili ya kwanza. Usizihangaikie.

Jaribio la mwisho

Chagua jioni yenye shughuli, saa mbili usiku, umeme wa mtaa ukiwa umechoka. Anzisha rekodi nne kwa pamoja, mojawapo iwe Star TV, kituo cha hapahapa Mwanza. Huku zinaendelea, tazama rekodi ya zamani sebuleni na ufute nyingine kubwa. Acha `iostat` kwenye dirisha moja na ukurasa wa Stream kwenye jingine, kwa saa nzima. Makosa ya mfululizo yakibaki sifuri, funga kasha na urudishe skrubu.

Mimi nilipofika hapo nilimpigia baba mkwe simu. Akaja kutazama mechi ya marudiano, chai ikamiminwa, dakika tisini zikapita bila picha kuganda hata mara moja. Mabao yote mawili aliyaona vizuri kabisa. Yote yalikuwa ya wapinzani, na mzee aliondoka bila kumaliza chai.